Mashine Nzima Kwenye Kitabu Kimoja

Skrini imegawanywa kwa mstari mmoja wa wima. Upande wa kushoto ni mpana, wa kulia mwembamba. Hakuna picha ndogo za kubofya, hakuna menyu inayoshuka, na rangi ni mbili tu: nukta imewaka au imezimwa. Juu kulia pana dirisha dogo liitwalo System.Log, na chini yake jingine, System.Tool, lenye safu ya maneno yaliyounganishwa kwa nukta: Edit.Open, System.Directory, ORP.Compile. Ukiketi mbele yake mara ya kwanza unadhani kuna kitu kimekwama njiani. Mimi nilidhani hivyo. Kisha nikaweka kishale juu ya neno mojawapo, nikabonyeza kitufe cha kati cha kipanya, na neno lenyewe likafanya kazi.

Huu ni Oberon, mfumo endeshi uliotungwa katika chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, na watu wawili, Niklaus Wirth na Jürg Gutknecht. Walianza mwaka 1985. Hawakuwa na kikosi cha waandishi wa programu nyuma yao. Walikuwa walimu wa chuo, na kazi hii waliifanya kwa saa zilizobaki baada ya vipindi. Jina walilichukua kwa mwezi mmojawapo wa sayari ya Uranus, ambayo chombo cha Voyager 2 kiliipita mapema mwaka 1986. Mwaka 1992 walitoa kitabu kiitwacho Project Oberon, na ndani yake hawakueleza mfumo tu, waliuchapa: matini ya programu, moduli kwa moduli, pamoja na maelezo ya kwa nini kila kitu kiko hapo kilipo. Toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 2013. Hilo ndilo nimekuwa nikilisoma jioni kwa miezi kadhaa sasa, huku programu inayoigiza mashine ya Oberon ikiwa wazi kando kwenye kompyuta yangu.

Ninachokistaajabia ni mkono. Kila sehemu ya mfumo huu inaonyesha mtu aliyekaa na kitu kidogo kwa muda mrefu, akakigeuzageuza, akaondoa kilichozidi, na kesho yake akakitazama tena. Juu ya moduli kuna herufi za majina na tarehe, kama alama anayoiacha seremala chini ya kiti. Moduli ya Kernel inaanzia tarehe 11 Aprili 1986, na kando yake zimefuata tarehe za miaka ya baadaye. Moduli ya Viewers, ile inayogawa skrini, ina JG na tarehe ya mwaka 1990, halafu NW na tarehe ya mwaka 2013. Ni moduli ile ile. Mzee Wirth alirudi kwenye ubao ule ule baada ya miaka zaidi ya 20 na kuupiga randa tena.

Mzee mwenyewe alizaliwa Winterthur mwaka 1934. Alikuwa amekwisha kuitunga Pascal, lugha iliyowafundisha wengi kuandika programu tangu ilipotoka mwaka 1970, na mwaka 1984 alipewa tuzo ya Turing. Lakini safari ya kuelekea Oberon inaanzia California. Mwaka 1976 alikwenda kukaa kwenye maabara ya Xerox PARC, akaikuta Alto: kompyuta ya mtu mmoja, juu ya meza ya mtu mmoja, yenye skrini ya picha na kipanya. Alto haikuwa ikiuzwa. Basi Wirth akarudi Zürich akajenga ya kwake, Lilith, iliyokuwa tayari mwaka 1980, na lugha ya kuiendesha, Modula-2. Nyuma ya Lilith ikaja Ceres, iliyosanifiwa na Hans Eberle kwa kichakataji cha National Semiconductor, na juu ya Ceres ndipo Oberon ulipoandikwa. Kwa hiyo walipoanza, Wirth alikuwa amekwisha kuipita njia hii mara moja. Alijua kipi kilikuwa kizito, na alikuwa na hamu ya kukipunguza.

Akaanza kwa kunoa chombo. Aliichukua Modula-2 na kukata. Zikatoka aina za kuorodhesha majina, zikatoka aina za namba zenye mipaka, zikatoka rekodi zenye sura nyingi. Ikatoka hata FOR, ile njia ya kuhesabu mizunguko ambayo mwanafunzi wa programu hufundishwa mapema kabisa. Jambo kubwa aliloliongeza ni moja: rekodi inaweza kurefushwa, yaani aina mpya izaliwe kutoka kwenye ya zamani bila ya zamani kuguswa. FOR ilirudishwa baadaye, na naona ilistahili kurudi. Lakini napenda kwamba kuna mtu alithubutu kuitoa ili aone kama kazi itaikosa. Maelezo rasmi ya lugha nzima, sarufi yake na maana zake zote, hayafiki kurasa 20. Nimeyasoma asubuhi moja kwa kikombe kimoja cha chai.

Chombo kikiisha kunolewa, kazi yenyewe inaonekana.

Katikati ya mfumo kuna moduli yenye jina la mfumo wenyewe, Oberon, na ndani yake kuna utaratibu uitwao Loop. Unatoshea kwenye ukurasa mmoja na nafasi inabaki. Unauliza kibodi: kuna herufi? Ikiwepo, inapelekwa kwenye dirisha lenye alama ya kuandikia. Haipo? Unauliza kipanya: kuna kitufe kilichobonyezwa, kishale kimesogea? Ikiwa ndivyo, dirisha lililo chini ya kishale linapewa habari. Kama kote kumetulia, Loop inachukua kazi moja kati ya zile zinazosubiri kwenye duara, inaipa zamu, kisha inarudi mwanzo kuuliza tena. Basi. Huo ndio moyo wake, na unapiga hivyo tangu mashine iwashwe hadi izimwe.

Amri ikianza, hakuna anayeikatiza. Inafanya yake mpaka iishe. Mifumo tuliyoizoea hukatiza programu mara nyingi kwa sekunde ili kila moja ipate zamu, na kukatizana huko kunadai kufuli, walinzi, na foleni za kusubiriana. Wirth na Gutknecht waliitazama meza ya kazi jinsi ilivyo: kompyuta ni ya mtu mmoja, naye hutoa amri moja, huona jibu, ndipo hutoa nyingine. Wakaacha kufuli zote. Gharama ipo, nami sitaificha. Amri ikizunguka bila mwisho, mashine nzima inasimama nayo, na mwenyewe hana budi kubonyeza kitufe cha kuivunja. Kwa kompyuta inayohudumia wateja wa benki mpango huu haufai hata kidogo. Kwa mtu anayeandika na kuunda vitu vyake, nimeishi nao miezi hii na haujaniudhi.

Na uamuzi huo mmoja unaleta wepesi mahali ambapo sikuutarajia. Kumbukumbu ya mashine hukatwa vipande vya baiti 32, 64, 128, au vya mafungu ya 256. Kipande ambacho hakishikwi tena na yeyote lazima kirudishwe, la sivyo kumbukumbu itajaa taka. Anayefanya kazi hiyo, nimwite mfagiaji, hupita kwenye kila kinachofikika akikitia alama, kisha hurudi kukusanya visivyo na alama. Kinachowasumbua wajenzi wa mifumo hapa ni kazi zilizoachwa nusu: huku kuna hesabu haijamalizika imeshika kipande hiki, kule nyingine imeshika kile, na mfagiaji lazima azijue zote kabla hajagusa kitu. Ndani ya Oberon mfagiaji ni mojawapo ya zile kazi za kwenye duara, na zamu yake huja pale tu ambapo hakuna amri inayoendelea. Akiingia, hakuna kilichoachwa nusu. Chumba kitupu, viti vimeinuliwa juu ya meza. Anaanzia kwenye moduli zenyewe na kufuata vielekezi, yaani anwani zinazoonyesha kila kipande kilipo, kokote vinakompeleka.

Kuna jambo la ziada hapo lililonifanya nisimame. Anayefuata vielekezi kutoka kipande hadi kipande anahitaji kukumbuka njia ya kurudi, na kumbukumbu ndiyo hiyo inayotafutwa. Basi kila kielekezi anachokipita anakigeuza kitazame alikotoka, na wakati wa kurudi anakirudisha kama kilivyokuwa. Kwa muda mfupi ramani nzima ya kumbukumbu imepinduliwa, kisha kila kitu kipo mahali pake na hakuna ajuaye. Mbinu ya kugeuza vielekezi ilijulikana kabla ya Oberon. Ustadi uko katika kuiandika kwa mistari michache namna ile, kiasi kwamba niliifuata kwa kidole kwenye karatasi, kishale kwa kishale, na nikafika mwisho.

Nilitaka pia kuona kinachotokea ninapoandika. Nikafungua faili lenye sentensi moja: Jahazi limetia nanga. Herufi 21 ukihesabu nafasi na nukta. Kwa macho yetu ni mstari. Kwa Oberon ni kipande kimoja, nacho ni kadi ndogo yenye habari chache: herufi ziko kwenye faili gani, zinaanzia wapi, ziko ngapi, kwa mwandiko gani, rangi gani, na zimepandishwa au kushushwa kiasi gani kutoka kwenye mstari. Faili hili, kuanzia 0, herufi 21. Nikaweka alama ya kuandikia baada ya nafasi ya kwanza na kuandika neno jipya. Kadi ile ikapasuliwa mbili: ya kwanza inasema kuanzia 0, herufi 7, ya pili inasema kuanzia 7, herufi 14. Katikati yao ikaingia kadi mpya inayoelekeza kwenye faili jingine, la muda, ambalo kila ninachoandika huongezwa mwishoni mwake. Faili la kwanza halikuguswa. Hakuna herufi iliyosukumwa kupisha nyingine. Jahazi jipya limetia nanga, na kilichobadilika ni kadi tatu zilizoshikana mikono.

Aliyewahi kumwangalia mtu akishona mkeka ataielewa haraka. Shupatu linasukwa pembeni, refu na jembamba, kisha linaungwa kwa mengine. Ukitaka kuongeza unaunga, ukitaka kutoa unafumua mshono. Ukindu uliokwisha kusukwa hauguswi.

Lakini neno jipya nililiandika herufi moja moja, na nafasi mwishoni, herufi sita. Je, hazikupaswa kuwa kadi sita? Ndipo nilipoukuta, ndani ya utaratibu wa Insert, mstari wa sharti ambao ningeweza kuuruka. Unauliza: kipande kinachoingia kinatoka kwenye faili lile lile la jirani yake wa kushoto? Kinaanzia pale pale jirani alipoishia? Mwandiko ni ule ule, rangi ni ile ile, kimo ni kile kile? Kama majibu yote ni ndiyo, hakuna kadi mpya, jirani anarefushwa. Kwa hiyo mtu akiandika ukurasa mzima bila kusimama, anatengeneza kadi moja. Mistari kadhaa juu yake kuna jambo jingine la namna hiyo: matini hukumbuka kipande kilichotafutwa mara ya mwisho, kwa sababu mwandishi kwa kawaida huandika karibu na pale alipoandika muda mfupi uliopita. Wazo la vipande halikuwa lao. Lilikuwamo kwenye Bravo, kihariri cha Alto pale Xerox PARC. Kazi yao ilikuwa kulipunguza mpaka likaacha kuonekana kama mbinu.

Na matini imeenea mfumo mzima. Jina lililo juu ya dirisha ni matini, na amri zilizo kando yake, System.Close, Edit.Store, ni matini pia. Unaweza kuzifuta au kuongeza zako. Hakuna programu za kufungua na kufunga. Kila amri ni utaratibu ndani ya moduli, na jina lake ni jina la moduli, nukta, jina la utaratibu. Ukilibonyeza popote lilipoandikwa, hata katikati ya barua, moduli inapakiwa ikiwa haijapakiwa, na utaratibu unafanya kazi. Vitufe vitatu vya kipanya vimegawana kazi: cha kushoto huweka alama ya kuandikia, cha kati huamuru, cha kulia huchagua. Ukiendelea kushika cha kulia ukagusa cha kushoto, ulichochagua kinafutika. Ukigusa cha kati, kinanakiliwa pale penye alama. Vidole vilinikosea siku mbili, kisha vikazoea.

Diski nitaipita kwa haraka zaidi, ingawa nayo ina kitu cha kuonyesha. Imekatwa sekta za baiti 1024. Sekta ya kwanza ya kila faili ina kichwa cha baiti 352: jina, urefu, tarehe, na orodha ya sekta nyingine. Nafasi iliyobaki, baiti 672, haikuachwa ilale bure. Maneno ya kwanza ya faili yanaanzia humo humo, na faili dogo linaishia hapo hapo. Faili jipya linapoundwa linaandikwa kwenye diski bila kuwamo kwenye daftari la majina. Linakuwa halina kwao mpaka utaratibu uitwao Register uliandikishe. Umeme ukikatika kabla ya hapo, toleo la zamani bado lipo, zima, na lile jipya ni kama halikuwahi kuwapo. Sekta zake je? Mashine ikiwaka tena, inapitia daftari lote, inaweka alama kila sekta inayomilikiwa na faili lenye jina, na zisizo na alama ni huru. Hakuna orodha ya sekta huru inayotunzwa kwenye diski. Orodha isiyokuwapo haiwezi kuharibika.

Sasa kompaila, programu inayogeuza matini kuwa maagizo ya kichakataji, kwani hapo ndipo Wirth alipokuwa nyumbani kwake.

Ni moduli nne. ORS husoma herufi na kuzifanya maneno, ORP hufuata sarufi, ORB hutunza majina, ORG hutoa maagizo ya kichakataji. Inasoma matini mara moja tu, toka juu hadi chini, na maagizo yanatoka kadiri inavyosoma. Haichori kwanza mti wa programu nzima ili ije iutembelee baadaye. Kusoma mara moja kunadai subira ya aina yake, subira ya kutotenda mapema. Chukua mstari huu, k ikiwa ni namba ya ndani ya utaratibu: k := k * 8 + 1. Kompaila inaisoma k iliyo kulia. Haiipakii. Inaandika kwenye kadi yake tu: ni kigeu, kipo mahali fulani kwenye kumbukumbu. Inasoma alama ya kuzidisha, kisha 8, na inaandika kadi ya pili: ni namba isiyobadilika, thamani yake 8. Hapa inasimama na kuuliza kama namba hiyo imetokana na 1 kuzidishwa kwa 2 mara kadhaa. Ndivyo, mara tatu. Basi kuzidisha hakuhitajiki. Inatosha kuzisogeza biti kushoto hatua tatu. Ndipo sasa, na si kabla, inatoa agizo la kuipakia k kwenye rejista, kisanduku cha hesabu ndani ya kichakataji, na la pili la kusogeza. Inasoma 1. Namba ndogo hutoshea ndani ya agizo lenyewe, kwa hiyo haihitaji rejista: agizo la tatu, jumlisha 1. La nne, rudisha kwenye kumbukumbu. Maagizo manne. Nimejaribu kuyapunguza kwa mkono, kwa kichakataji kile, na sikuweza.

Majina ndani ya ORB yameorodheshwa kwa safu iliyonyooka, moja likishika la pili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angesahihisha hapo. Angeweka mti au jedwali la kutafutia haraka. Wirth alizijua njia hizo kuliko wengi wetu, na vitabu vyake ndivyo vilivyozifundisha. Lakini utaratibu mmoja huwa na majina machache, na kwenye safu fupi mti hauilipi gharama ya kuujenga. Michael Franz, aliyekuwa mwanafunzi wake, ameeleza kipimo kilichotumika: kompaila imeandikwa kwa lugha ile ile ambayo yenyewe huitafsiri, hivyo hujitafsiri yenyewe, na kila kinachotaka kuongezwa lazima kijilipie ndani ya kazi hiyo. Kikiifanya kompaila iwe nzito zaidi ya faida inayoleta wakati wa kujitafsiri, kinatoka. Mizani hiyo haina upendeleo, hata kwa wazo la mwenye mizani.

Miaka ikapita, na kichakataji cha National Semiconductor kikatoweka sokoni. Wirth alikuwa amekwisha kustaafu. Paul Reed akamtia shime kitabu kichapwe upya, na hapo ukazuka ugumu: kitabu kilikuwa kikieleza mfumo kwa mashine isiyopatikana tena. Angeweza kuchagua kichakataji chochote kati ya vinavyouzwa. Miongozo yake ina kurasa maelfu, na kitabu kinachoahidi kueleza kila kitu kingelazimika kunyamaza pale kinapofika chini kabisa. Basi, akiwa anakaribia miaka 80, akakaa akabuni kichakataji chake.

Alikieleza kwa lugha ya Verilog na kukiweka kwenye chipu ambayo saketi zake hupangwa na mwenye kuitumia, juu ya bodi ya Spartan-3. Rejista 16. Maagizo ya hesabu 16: kuhamisha, kusogeza biti, kuzizungusha, hesabu za mantiki biti kwa biti, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, na hesabu nne za desimali. Kugawanya kunafanywa kama tulivyofundishwa shule ya msingi, tarakimu moja moja: sogeza, jaribu kutoa, andika jibu, sogeza tena. Saa ya bodi inapiga mara milioni 25 kwa sekunde. Kumbukumbu ni megabaiti 1, na humo humo skrini ya nukta 1024 kwa 768 inachukua baiti 98,304, biti moja kwa kila nukta. Mahali pa diski pameshikwa na kadi ya SD. Alipomaliza, akaiandika upya ile moduli ya maagizo, ORG, na kuzipitia moduli nyingine moja baada ya nyingine. Ndizo zile tarehe za 2013 zilizo juu ya kurasa. Sasa kitabu kinaanzia kwenye saketi ya kujumlisha na kufika kwenye kihariri unachoandikia barua, bila mahali popote ambapo msomaji anaambiwa aamini tu.

Wirth alifariki tarehe 1 Januari 2024, akiwa na miaka 89.

Bodi ina taa ndogo nane zilizopangwa kwa safu. Ukiiwasha, kichakataji kinaanza kusoma programu fupi iliyomo ndani ya chipu, ambayo nafasi yake yote ni maneno 512. Kwanza inawasha taa ya nane, peke yake, kusema kwamba imeamka. Halafu inatazama swichi moja: je, mfumo utoke kwenye waya au kwenye kadi? Ikiwa ni kadi, taa ya pili inawaka kando ya ile ya nane. Moduli nne za msingi, Kernel, FileDir, Files na Modules, zinamiminwa kwenye kumbukumbu. Taa ya pili inazimika, ya tatu inawaka: imekwisha. Kichakataji kinaruka hadi anwani 0, Modules inaiita Oberon, Oberon inazivuta nyuma yake Viewers, Fonts, Texts na nyingine zinazohitajika, System inafuata mwisho, na mstari wa wima unachorwa kwenye skrini.